Ukuta wa skrini 3×3: paneli mpya ya kati haifanani na nane za zamani, nianzie wapi kusawazisha?

Bundi_wa_CCTV

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa wanaojua kalibresheni ya kuta za skrini.

Ukuta ni 3×3, paneli za LCD za inchi 55, kila moja 1920×1080, taa ya nyuma ni LED, karatasi ya kiwanda inasema niti 500 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini). Kutoka picha hadi picha kwenye maungio ni 3.5 mm. Uko chumba cha ulinzi cha jengo la ofisi hapa Dar na unawaka saa 24. Kaunta ya masaa kwenye menyu inasoma kati ya 33,000 na 35,000 kwa paneli nane. Ya tisa, namba 5 iliyo katikati kabisa, iliungua ubao wa umeme, ikawekwa mpya ya modeli ileile mwezi uliopita.

Sasa namba 5 inang'aa kuliko zote na weupe wake unaelekea bluu. Nane za zamani zina weupe wa manjano, na si wote sawa: namba 7 imefifia zaidi, namba 3 na 6 kijivu chake kina uwaridi kidogo. Nimeshusha mwangaza wa namba 5 kwenye menyu, ikawa hafifu kweli, lakini picha za kamera za usiku zikazama, vivuli vyote vimekuwa weusi mtupu.

Signali inatoka prosesa ya ukuta kwa HDMI, paneli moja inapokea na kupitisha kwa inayofuata. Amri za udhibiti zinapita kwa waya wa RS-232, nao kwa mnyororo. Vifaa nilivyonavyo ni kolorimita (kifaa cha kupima mwanga na rangi) ya i1Display Pro na laptopu yenye programu za kupimia, HCFR na DisplayCAL.

Maswali: nianze na nini, nilenge niti ngapi na weupe upi, nipime sehemu gani ya kioo, na zile fremu nizifidie (picha ikatwe kana kwamba inapita nyuma ya fremu) au niziache? Muda mwingi ukuta unaonyesha kamera, ila kuna saa wanaweka ramani moja kubwa inayofunika skrini zote.

---

FundiMkuu_AV

Mkuu, thibitisha kwanza kama tofauti iko kwenye kioo au kwenye signali. Paneli nyingi za biashara zina picha za majaribio ndani ya menyu yake: nyeupe, kijivu, nyekundu, kijani, bluu. Weka kijivu cha ndani kwenye zote tisa kwa pamoja. Tofauti ikibaki vilevile, ni paneli. Ikipungua au kuisha, ni signali, na hapo kolorimita haina kazi mpaka umalize kurekebisha upande huo.

Upande wa signali, angalia upana wa RGB kabla ya kitu kingine. Kuna vyanzo vinatuma 0 hadi 255 na vingine 16 hadi 235. Chanzo kikituma 16–235 na paneli ikasubiri 0–255, weusi unakuwa kijivu na weupe unakosa nguvu. Ikiwa kinyume, vivuli vinazama na weupe unaungua (sehemu angavu zinapoteza maelezo yake). Paneli mpya ikitoka boksini ina mpangilio wa kiwanda, na zile nane huenda aliyezifunga alizibadilisha. Hakikisha zote tisa ziko kwenye thamani moja, usiache hata moja kwenye "otomatiki".

Halafu kumbuka kila ingizo lina kumbukumbu yake. Mipangilio ya HDMI 1 haihamii HDMI 2 wala DisplayPort. Kama namba 5 inapokea kupitia tundu tofauti na wenzake, unasoma menyu mbili tofauti bila kujua.

Hilo la picha za usiku kuzama lina sababu iliyo wazi. Kwenye paneli nyingi kuna vitu viwili vinavyofanana kwa jina: taa ya nyuma, na mwangaza. Taa ya nyuma ndiyo inayopunguza LED zenyewe. Mwangaza unasogeza kiwango cha weusi cha picha. Ukishusha mwangaza, kila kilichokuwa karibu na weusi kinatumbukia chini ya sifuri na hakirudi tena. Kwa hiyo rudisha mwangaza kwenye thamani ya kiwanda (mara nyingi 50 kati ya 100), na nguvu ya paneli uipunguze kwa taa ya nyuma peke yake.

Mambo ya kuzima kwenye zote tisa: kontrasti inayojibadilisha, kihisi cha mwanga wa chumba, hali ya kuokoa umeme, kupunguza chengachenga, kukoleza rangi, kunoa picha kupita kiasi. Hicho kihisi ndicho kibaya kuliko vyote. Utasawazisha usiku, asubuhi mtu akafungua pazia, paneli mbili zilizo karibu na dirisha zikajipandisha zenyewe.

Soma pia toleo la famuwea (programu ya ndani ya paneli) ya namba 5 na za wenzake. Modeli moja, famuwea mbili, inawezekana kabisa jedwali la gama (jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe) likawa tofauti, na hutaliona mpaka upime kijivu. Ukiweza zilinganishe zote kabla ya kuanza, kwa sababu kusasisha baadaye kunaweza kukufutia kazi yote. Na utazame kibandiko cha nyuma: herufi za mwisho za namba ya modeli zikitofautiana, kioo cha ndani huenda si kilekile hata kama boksi lina jina moja.

Mwisho, ziwashe zote saa nzima na picha yenye mwanga kabla ya kipimo cha kwanza. LED ikiwa baridi inatoa mwanga mwingi zaidi na rangi yake inasogea kadiri inavyopata joto. Kwako zinawaka saa 24 kwa hiyo nane ziko tayari, ila ukizima namba 5 kurekebisha kitu, usiipime dakika tano baadaye. Kiyoyozi kiwe kama siku zote.

---

RangiSawa

Naendelea alipoishia FundiMkuu. Lengo lako liwe paneli zifanane zenyewe kwa zenyewe. Namba ya kitabuni inakuja baadaye. Mtu aliyeketi mbele ya ukuta hana D65 (weupe wa kiwango cha video) ya kulinganishia, ana paneli ya jirani.

Pasi ya kwanza usirekebishe chochote, andika tu. Kila paneli: taa ya nyuma 100, kontrasti ya kiwandani, geini (nguvu) za nyekundu, kijani na bluu zote kwenye kiwango cha juu kisichoungua, nyeupe ya asilimia 100. Pima katikati ya kioo, andika niti, x na y (namba mbili zinazoeleza rangi ya weupe). Tuma namba hapa tukusaidie.

Kwenye HCFR au DisplayCAL chagua faili la masahihisho la taa nyeupe ya LED. i1Display Pro ni kifaa cha vichujio, hakisomi wigo wote wa mwanga. Ukiiambia kioo ni cha taa za zamani za mirija, itakupa x na y zilizohama na hutajua.

Kukishika kifaa: usikibonyeze kwenye kioo, shinikizo linabadilisha kinachoonekana pale pale na paneli hizi fremu yake ni nyembamba. Mstari wa juu unaweza kuning'iniza kwa waya wake na ule uzito wa kusawazisha. Mistari ya kati na chini tumia stendi ya maikrofoni yenye mkono wa mlalo, kifaa kiguse kioo kwa ulaini tu. Zima taa za chumba, geuza skrini ya laptopu isimulike ukuta, na skrini za jirani ziwe nyeusi unapopima moja.

---

Bundi_wa_CCTV

Shukrani sana wakuu. Kijivu cha ndani kimeonyesha tofauti ileile, kwa hiyo ni paneli. Ila namba 9 ilikuwa kwenye 16–235 wakati zote ziko 0–255, nimesharekebisha. Famuwea zote sasa moja.

Vipimo vya nyeupe, taa ya nyuma 100:

Namba 1: niti 402. Namba 2: 395. Namba 3: 418. Namba 4: 388. Namba 5: 512. Namba 6: 409. Namba 7: 371. Namba 8: 390. Namba 9: 405.

Weupe wa zile nane wastani ni x 0.321, y 0.338. Namba 7 ndiyo ya manjano zaidi, 0.324 na 0.342. Namba 5 ni 0.298 na 0.309.

Nilikuwa nataka kuzipeleka zote D65, yaani 0.3127 na 0.3290. Sawa?

---

RangiSawa

Inawezekana, lakini angalia gharama yake. Geini inashusha tu, haiongezi. Weupe wa manjano maana yake bluu imepungua, na huwezi kuiongeza bluu iliyokwisha kufika mwisho, unachoweza ni kupunguza nyekundu na kijani mpaka zilingane nayo. Kijani peke yake kinabeba karibu asilimia 72 ya mwanga tunaouona, nyekundu 21, bluu 7. Kwa hiyo kila ukisogeza paneli ya manjano kuelekea bluu, unalipa kwa niti.

Piga hesabu ya namba 7. Kuifikisha D65 kutaitoa niti 371 hadi karibu 330, kama asilimia 11 imeondoka. Ukilenga x 0.319, y 0.335 (kama 6150 K) inabaki karibu 350. Na namba 5 kwa lengo hilo inapunguza bluu kama robo na kijani kidogo, upotevu wa chini ya asilimia 10, na bado inabaki juu ya wenzake wote. Ni rahisi mno kuivuta paneli moja mpya kuelekea za zamani kuliko kuzivuta nane za zamani kuelekea mpya. Ningekuwa na ukuta wa studio ya televisheni ningebishana, kwa sababu pale kamera inarekodi ukuta na D65 ina maana. Chumba cha ulinzi, chukua 0.319 na 0.335.

Utaratibu kwa kila paneli sasa:

Weka kijivu cha asilimia 80, urekebishe geini mpaka x na y zifike. Usitumie nyeupe ya 100 kwa hatua hii, paneli ikiwa inaungua juu utakuwa unapima rangi iliyokwisha kukatwa. Moja kati ya geini tatu lazima ibaki juu kabisa. Ukijikuta umeshusha zote tatu umepoteza ngazi za picha bure: kwenye paneli inayochakata kwa biti 8, geini ya asilimia 80 inakuachia ngazi 205 kati ya 256, na mpito laini wa anga kwenye ramani utaonyesha mistari.

Kisha nenda kijivu cha asilimia 25, urekebishe ofseti (inayogusa zaidi sehemu za giza). Ofseti ina mkono mwepesi sana: nukta moja kwenye kijivu cheupe inaonekana kidogo, kwenye kijivu cha giza inaonekana sana. Rudi 80 uone geini zimehama kiasi gani, rekebisha, rudi 25. Raundi mbili au tatu zinatosha.

Baada ya hapo ndipo unashusha taa ya nyuma kufikia niti unazotaka. Taa ikishuka weupe unaweza kusogea kidogo, kwa hiyo pima tena 80 mara ya mwisho. Kati ya paneli zinazopakana nataka x na y zisiachane zaidi ya 0.003, na niti zisiachane zaidi ya asilimia 3.

Gama: chagua 2.2 kwenye menyu za zote, halafu pima 10, 20, 30 mpaka 90. Namba 3 na 6 zenye uwaridi kwenye kijivu nadhani zitakaa sawa zikipata ofseti. Usiwape 2.4 kwa chumba chenye taa, kamera za usiku zitapoteza vivuli tena.

---

Nyali_Displays

Kaka Bundi, salamu kutoka Mombasa. RangiSawa kasema vizuri, mimi naongeza mawili na la pili napingana na mwelekeo wa namba.

Kwanza, hiyo paneli mpya iondoe katikati. Pale ina jirani pande nne, kila upande unaonyesha tofauti. Ihamishe pembeni, chini kushoto au chini kulia, itabaki na maungio mawili tu. Modeli ni moja, bracket ni zilezile, kama ukuta wako una zile za kusukuma na kuvuta ni kazi ya watu wawili asubuhi moja. Ukishahamisha badilisha namba ya utambulisho ya paneli zote mbili na nafasi zake kwenye mpangilio wa ukuta, la sivyo amri ya RS-232 itaenda kwa paneli isiyo yake. Namba 7 yako ambayo ndiyo dhaifu iko pembeni chini kushoto, iache hapo hapo, mpya iende namba 9, na ile 9 ije katikati. Ina 405, iko katikati ya kundi.

Usizibananishe kwa nguvu ili kuficha mwanya. Plastiki na chuma vinatanuka kwa joto, na ukingo uliobanwa unatoa mwanga kwenye pembe: weusi unaonekana na mawingu. Pitisha rula ndefu juu ya maungio. Paneli ikitokeza mbele hata 1 mm, taa ya dari inatupa kivuli kwenye jirani na mtu atasema rangi ni tofauti wakati ni kivuli.

La pili, niti. Wengi wataona 350 inawezekana na wataichukua. Kwa chumba cha saa 24 chenye watu wamekaa mita mbili na nusu usiku kucha, hiyo ni nyingi. Nenda 250. Macho yatapumzika, paneli zitapoa, na unapata akiba: namba 7 ikiendelea kufifia una nafasi ya kupandisha taa yake mwaka mzima au zaidi bila kuzigusa nyingine. Ukilenga 350 leo, miezi michache namba 7 haifiki tena na unaanza upya kwa zote.

Ukuta wa chumba cha mapokezi chenye kioo na jua la mchana, hapo ndiyo utazitaka hizo 350 na ikibidi ununue paneli za niti 700. Si chumba cha ulinzi.

---

RangiSawa

Nakubali 250, hoja ya akiba ni nzito kuliko ya kwangu. Kuna moja tu la kuangalia: taa nyingi za nyuma hupunguzwa kwa kuwaka na kuzimika haraka, na zikishushwa sana kamera inayotazama ukuta inaweza kuonyesha mistari inayotembea. Kama kuna kamera ndani ya chumba hicho, itazame ukimaliza.

---

Bundi_wa_CCTV

Nimeelewa, tutaihamisha Jumamosi. Bado mawili hayajajibiwa: nipime wapi zaidi ya katikati, na fremu.

---

FundiMkuu_AV

La wapi pa kupima ndilo linaloharibu kuta nyingi zilizopimwa vizuri. LCD haina mwanga sawa kioo kizima. Katikati ikisoma niti 250, ukingo unaweza kusoma 210, na upande wa kushoto usifanane na wa kulia. Sasa paneli mbili zinakutana ukingoni. Ukisawazisha katikati kwa katikati unaweza kupata namba nzuri kwenye karatasi na mstari unaoonekana ukutani, kwa sababu jicho linapuuza mabadiliko ya polepole ndani ya paneli lakini linashika mruko wa ghafla kwenye kiungio.

Fanya hivi. Maliza kazi ya katikati kama RangiSawa alivyoeleza. Halafu kwa kila kiungio weka kifaa sm 10 kutoka ukingoni upande huu, soma, kisha sm 10 upande wa pili, soma. Ukuta wa 3×3 una maungio 12, kwa hiyo ni vipimo 24. Andika tofauti ya kila kiungio. Paneli ambayo pande zake zote ziko juu kuliko jirani, ishushe taa hata kama katikati yake ilikuwa sawa. Paneli iliyo juu upande mmoja na chini upande mwingine, iache, hakuna kitufe kinachotibu hilo isipokuwa paneli yenyewe iwe na sahihisho la usawa wa kioo ndani, nalo linakula niti. Katikati zikiachana asilimia 5 na maungio yakakaa ndani ya 3, ukuta utaonekana mzuri zaidi kuliko kinyume chake.

Kipimo cha mwisho ni macho, kutoka kwenye kiti cha mwendeshaji. Chukulia ukingo wa chini wa ukuta uko 1.2 m kutoka sakafuni na jicho la aliyekaa liko hapo hapo 1.2 m. Katikati ya mstari wa juu iko 1.71 m juu ya jicho lake. Akikaa 2.5 m kutoka ukutani anaitazama kwa pembe ya digrii 34. Kifaa chako kimepima digrii sifuri. Kioo cha aina ya VA kwa pembe hiyo kijivu chake kinapauka, IPS inavumilia zaidi ila weusi wake unatoa mng'ao. Weka kijivu cha 30 ukutani kote, kaa kwenye kiti, tazama kama mstari wa juu wote unapauka sawasawa. Ukipauka wote kwa pamoja si kosa la kusawazisha, ni pembe, na dawa yake ni mstari wa juu kuinamishwa kama bracket inaruhusu, au viti kurudi nyuma.

Fremu: picha ya inchi 55 ina upana wa 1209.6 mm kwa pikseli 1920, yaani pikseli moja ni 0.63 mm. Kiungio cha 3.5 mm ni pikseli 5.6. Kwenye prosesa weka 6 kwa kila kiungio, mlalo na wima. Kama fidia inafanywa na paneli zenyewe basi ni ile hali ya ukuta inayoficha sehemu iliyo nyuma ya fremu. Chagua moja, prosesa au paneli. Zikifanya zote mbili unakata mara mbili, na duara la kwenye ramani litabonyea kwenye maungio.

Ila usiiwashe muda wote. Fidia inatupa pikseli halisi. Kamera zikiwa zimepangwa moja kwa kila paneli, au nne nne ndani ya paneli, hakuna picha inayovuka fremu, na unachopata ni kukata ukingo wa kila kamera, ambapo mara nyingi ndipo saa na tarehe zilipoandikwa. Kwenye ushahidi hilo ni tatizo. Tengeneza mipangilio miwili kwenye prosesa: ya kamera bila fidia, ya ramani ikiwa na fidia. Kupima kama fidia ni sahihi, weka picha ya mistari ya mshazari inayovuka maungio yote. Mstari ukiendelea moja kwa moja, thamani ni sahihi. Ukionekana umeruka ngazi, ongeza au punguza pikseli moja.

---

Bundi_wa_CCTV

Mrejesho wakuu. Paneli mpya sasa ni namba 9. Zote ziko niti 250, tofauti kubwa kati ya katikati ni 6. Weupe wote ndani ya 0.002 ya lengo. Maungio kumi yako chini ya asilimia 3, mawili yana 4 (kati ya 7 na 4, na kati ya 2 na 3). Taa ya nyuma: namba 7 iko 72, nyingine za zamani 62 hadi 68, mpya iko 50. Mistari ya mshazari imenyooka kwa pikseli 6.

Limebaki moja. Namba 7 ikionyesha kijivu cha asilimia 10 ina ukijani. Kwa 30 na kuendelea iko safi. Nikishusha ofseti ya kijani nukta mbili, 10 inakuwa nzuri lakini 25 inageuka waridi.

---

RangiSawa

Kazi nzuri sana mkuu. Hayo mawili ya asilimia 4 yaache.

Kwa namba 7, kwanza hakikisha kijani hicho ni cha kweli. Kijivu cha 10 kwenye paneli ya niti 250 na gama 2.2 ni kama niti 1.6 tu. Hapo mwanga wa taa ya kiyoyozi au wa laptopu ukiakisi kwenye kioo unaingia kwenye kipimo. Funika kifaa kwa kitambaa cheusi, weka usomaji wa muda mrefu kwenye HCFR, soma mara tatu uone kama namba zinatulia.

Zikitulia na kijani bado kipo, ofseti haitakusaidia, kwa sababu inasogeza sehemu yote ya chini kwa pamoja. Tafuta kwenye menyu marekebisho ya weupe ya nukta 10. Rudisha ofseti ulipokuwa nayo mwanzo, nenda nukta ya asilimia 10 peke yake, shusha kijani 1, pima. Kisha pima 20 uone haijaburutwa. Paneli isiyo na menyu ya nukta 10, gawanya: shusha ofseti ya kijani nukta moja badala ya mbili, uvumilie ukijani kidogo kwenye 10 na uwaridi kidogo kwenye 25. Kamera za usiku kwenye ukuta wako huenda nyingi ni za infraredi, picha yake ni kijivu kitupu, kwa hiyo afadhali kuikazania 10 kuliko 25.

---

Nyali_Displays

Kaka, moja la kuzuia kazi isiharibike. Programu ya kudhibiti ukuta huwa ina kitufe cha kunakili mipangilio ya paneli moja kwenda zote. Kila paneli yako sasa ina geini na ofseti zake, akija fundi mwingine akabonyeza hicho, nane zinapata namba za moja na umerudi mwanzo. Piga picha za menyu ya kila paneli, ziandike pia kwenye karatasi ibaki nyuma ya ukuta: namba ya paneli, ingizo, taa ya nyuma, geini tatu, ofseti tatu, gama, famuwea, masaa ya kaunta siku ya kupima. Funga rimoti kwenye menyu.

Paneli mpya inafanya kazi kwa 50 na namba 7 kwa 72. Inayofanya kazi kwa nguvu zaidi na yenye umri mkubwa itaendelea kufifia haraka kuliko nyingine, kwa hiyo zitaachana tena. Pima nyeupe ya katikati kwa zote tisa mwezi ujao, kisha baada ya miezi mitatu. Rekebisha taa za nyuma tu, geini usiziguse mpaka x au y ya paneli ihame zaidi ya 0.003 kutoka ulipoiacha. Namba 7 ikifika 95 kwenye taa, agiza mbadala mapema, na uombe modeli yenye herufi zilezile za mwisho kwenye kibandiko. Ikifika, hiyo ndiyo utakayoiweka chini kushoto.